Koti la Harusi la Sufu ya Ndabibi

Mama yangu aliuza makoti ya mitumba katika soko la Olenguruone, na hapo kibandani kwake ndipo nilipojua kwamba nguo ina ndani. Olenguruone iko juu kwenye milima ya Mau, na miezi mingine asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Kule koti si pambo. Mtu aliyefika kibandani kwa mama alikuwa ameshaonjeshwa baridi ya kutosha, akishalipa hakutaka kufungiwa kwenye karatasi, alilivaa palepale akaenda zake.

Nilikuwa darasa la saba nilipofumua koti la kwanza. Lilikuwa la kiume, zito, la kijivu, bitana imechanika kwapani, na wateja walikuwa wamelishika na kuliacha siku nyingi za soko. Mama alikuwa ameenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikachukua wembe nikaanza kukata nyuzi, mshono baada ya mshono, mpaka koti likawa vipande vimetandazwa kitandani. Ndani nilikuta mambo. Kifuani kulikuwa na kitambaa kigumu kilichofichwa, ndicho kilichofanya koti lisimame hata bila mtu. Begani kulikuwa na pamba imeshonwa kwa tabaka. Mkono, niliodhani ni bomba tu la kitambaa, ulikuwa vipande viwili vilivyopindwa vifuate kiwiko. Nilikuwa bado nimeinama pale nikivipanga mama aliporudi.

"Hii ni nini?"

"Nilitaka kuona venye limetengenezwa."

"Umeona?"

"Ndiyo."

"Haya. Sasa lirudishe venye lilikuwa."

Hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Likizo yote ya Agosti nilikaa mlangoni na sindano ya mkono nikilirudisha. Bega la kushoto nililifumua tena na tena kwa sababu lilikataa kukaa. Lilipokamilika mama aliligeuza nje ndani, akalivuta mikono, akalitundika mbele ya kibanda. Siku hiyohiyo likanunuliwa na mwalimu mkuu wa shule yetu. Muhula wa tatu wote nilisimama gwarideni nikiutazama mkono wa koti lake kila alipouinua kutuonya, nikiomba Mungu usichomoke mbele ya shule nzima. Haukuchomoka. Nadhani ni muhula huo nilipoamua nitafanya kazi gani, ingawa sikuwa nimewahi kusikia kazi hiyo ikitajwa.

Baada ya sekondari nilishuka Nakuru kusomea ushonaji, kisha nikaajiriwa katika karakana ya sare za shule. Mwenye karakana alikuwa mama mmoja ambaye ukoo wake ulitoka magharibi mwa Kenya, na baba yake alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na faida. Kola isiyolingana pande mbili aliifumua mbele yako bila kukutazama. Nilishona kola za mashati ya shule kwa miaka, za shule za mjini na za bweni, mpaka mikono ikawa inajua njia yenyewe. Wenzangu walilalamika kwamba ile ni kazi ya kurudia. Mimi niliona nalipwa nikifanya mazoezi. Nilipomwambia naondoka nikafungue pangu, alisukuma miwani juu ya paji la uso.

"Nilikuwa nashangaa mbona umekawia," akasema. "Nenda. Lakini usishone vibaya ukasema nimekufundisha mimi."

Nilipanga chumba cha mbele cha nyumba moja ya ghorofa Kiamunyi. Mtaa ulikuwa bado unajengwa, malori ya mawe yanapita mlangoni, na kila nyumba iliyoisha ilileta familia yenye harusi, ubatizo au mahafali. Niliandika mlangoni jina la lebo yangu na chini yake neno "Mitindo". Majirani waliniita fundi, na bado wananiita hivyo. Sijawahi kuona ubaya. Mbunifu asiye fundi ni mtu wa kuchora tu.

Wateja walikuja na picha kwenye simu. Gauni la mtu maarufu fulani, mwili wa mtu maarufu fulani. "Nishonee hii." Nilikuwa nawaambia wakae kwanza. Nikawatazama wakitembea, wakiinama kuokota mkoba, wakishika mtoto. Kisha nawaambia ukweli: hii nitakushonea, lakini itakupendeza ukiwa umesimama wima kama nguzo, na najua hutasimama. Wengine walikasirika wakaondoka. Nikapata sifa ya fundi mwenye kiburi. Waliobaki walirudi na dada zao.

Bibi harusi mmoja alinijia asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka, amebeba gunia mgongoni. Nilikuwa nakata kitambaa, sikuinua kichwa vizuri.

"Sasa, mrembo. Viazi leo hatununui."

"Si viazi," akasema, akalitua gunia sakafuni, akalifungua.

Lilikuwa limejaa manyoya ya kondoo, machafu, yenye mafuta, yamejaa vijiti na nyasi. Harufu ya zizi ikajaa chumba.

"Naolewa mwezi wa saba," akasema. "Nataka unishonee koti."

"La kuvaa juu ya gauni?"

"La kuolewa nalo."

Nikaweka mkasi chini. Nikampa kiti.

Alikuwa mtu wa Ndabibi, ng'ambo ya ziwa Naivasha, na aliuza dawa za mifugo kwenye duka moja mjini Naivasha. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, akalelewa na baba na dada ya baba. Baba alifuga kondoo wa sufu. Hawakumtajirisha, lakini aliwapenda kuliko ng'ombe. Mwaka uliotangulia aliugua akafa. Kaka za huyu binti walitaka kuwauza wale kondoo wote. Yeye aliomba wakatwe manyoya kwanza.

"Baba ndiye alikuwa anipeleke mbele," akasema. Alisema bila kulia, kama mtu anayetoa maelezo dukani. "Hayuko. Lakini kondoo wake wako. Nimeenda kwa mafundi wawili hapa Nakuru, mmoja amecheka, mwingine ameniambia sufu ni ya sweta. Wewe ndio nimeambiwa unajua makoti."

"Nani amekuambia?"

"Mama mmoja mwenye umemkasirisha."

Nilicheka. Nikamuuliza harusi itafanyika wapi. Akasema kanisa la kwao bwana harusi, Olenguruone. Hapo sikuhitaji kufikiri zaidi. Mwezi wa saba wa Olenguruone naujua kama ndugu yangu. Nimeona mabibi harusi wengi wakitoka kanisani pale na mabega wazi, midomo imebadilika rangi, wakitabasamu kwa meno yanayogongana. Nilikuwa nimesubiri miaka mtu aje na akili hii.

"Nitakushonea," nikasema. "Na hakuna mtu atakayecheka."

Kuosha yale manyoya kulinifanya maarufu mtaani kwa njia nisiyoitaka. Maji ya moto, sabuni, suuza, tena maji ya moto, na ile harufu ikipanda ghorofa mpaka ghorofa. Mwenye nyumba alikuja akasimama mbali na lango.

"Mathe, umechinja nini huku?"

"Naosha gauni la harusi."

Akaenda zake. Nadhani aliniombea.

Sufu iliyokauka, sasa nyeupe ya maziwa, niliipeleka kwa mama mmoja wa Njoro anayesokota nyuzi na kufuma blanketi kwa mashine ya mbao aliyotengenezewa na mumewe. Alifanya kazi hiyo mpaka mvua za masika zikaanza. Kitambaa alichonipa kilikuwa kizuri lakini kimelegea, ungeweza kuona mwanga kati ya nyuzi. Sufu ya koti lazima ishikane. Inaloweshwa kwenye maji ya moto na kukanyagwakanyagwa mpaka nyuzi ziumane, na hapo upepo haupiti tena. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa vipande vidogo. Kwa kitambaa kizima, sikuwahi.

Bibi harusi alikuja Jumapili baada ya ibada kunisaidia. Tukaweka beseni kubwa uani, tukavua viatu, tukaingia wote wawili, tumeshikana mabega, tukaanza kukanyaga. Mwanzoni tulicheka kama watoto. Maji yalikuwa ya moto kiasi cha kutufanya turukeruke. Kisha tukapata mwendo, na ndipo alipoanza kuniambia habari za baba yake. Jinsi alivyowajua kondoo kwa kikohozi. Jinsi alivyomfundisha kuendesha pikipiki kwenye barabara ya vumbi ya Ndabibi, baba akikimbia nyuma ameshika kiti, mpaka siku moja binti akageuka akamwona baba yuko mbali, mikono kiunoni, anamcheka. Alilia hapo, tukiwa bado tunakanyaga. Sikumwambia anyamaze. Nilimshika bega tukaendelea.

Tulipokitoa kitambaa kilikuwa kizito, laini, kimeshikana vizuri kuliko nilivyotumaini. Kilikuwa pia kimepungua. Nilikitandaza mezani nikakipima, nikapima tena. Koti nililokuwa nimechora lilikuwa refu mpaka kwenye kifundo cha mguu, na mkia wa kuburura nyuma. Kitambaa cha mkia hakikuwapo tena, na kondoo walikuwa wameshakatwa. Hakuna manyoya mengine hadi mwaka ujao.

"Imeharibika?" akaniuliza.

"Hapana. Imekomaa." Nilichukua chaki nikachora upya pale pale mbele yake. Koti liishie chini kidogo ya goti. Kola pana inayoweza kusimama mpaka masikioni upepo ukija. Kiuno kimebanwa, kisha nyuma mapindo matatu mapana yanayofunguka akitembea. "Ule mkia ungefagia matope ya Olenguruone mpaka tushindwe kukuosha. Hii utatembea nayo. Utacheza nayo."

Nasema kweli, mchoro wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza, na niliujua ubora wake chaki ikiwa bado mkononi.

Shangazi yake, yule aliyemlea, alikuja Kiamunyi peke yake wiki chache kabla ya harusi. Mama mrefu, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi, mkoba umebanwa kwapani. Hakukaa.

"Wewe ndio unataka kuvisha mtoto wangu koti kama askari wa usiku?"

"Karibu, shangazi."

"Nimekaribia. Mimi ndio nitampeleka mbele siku hiyo. Sitaki watu wa huko waseme huyu msichana hakuwa na watu wa kumnunulia gauni. Shona gauni. Nyeupe, na lesi, kama ya watu."

"Shangazi, mimi nimezaliwa Olenguruone. Mwezi wa saba wa kule unaujua?"

"Baridi si naijua. Hata Naivasha kuna baridi."

"Naivasha ni joto, shangazi."

Alinikodolea macho. Nilikuwa nimemkasirisha, lakini sikuwa na nia ya kurudi nyuma. Nilikwenda kwenye kona nikaondoa shuka lililofunika koti. Lilikuwa bado halijaisha, mikono imebandikwa kwa nyuzi za kushikilia tu, bila vifungo. Lakini umbo lilikuwapo. Limesimama lenyewe, jeupe la maziwa, kola imekunjuka, mapindo ya nyuma yameanguka vizuri.

Alisogea kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. Akaushika mkono wa koti kati ya vidole. Akausugua. Kisha akainama akanusa, kwa maana sufu hata ioshwe vipi hubaki na harufu kidogo ya ilikotoka.

"Hii ni ya Ndabibi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ni ya kondoo wa kaka yako. Mtoto wako hakukuambia?"

"Aliniambia koti. Hakuniambia hii."

Sasa akakaa. Alikaa na mkoba magotini, akilitazama koti, na mimi nikajifanya natafuta pini.

"Kaka yangu alikuwa anasema hii manyoya siku moja itakuwa kitu," akasema mwishowe. "Sisi tulikuwa tunamcheka. Mimi ndio nilikuwa namcheka zaidi."

Nilimletea chai. Alipoimaliza alikuwa amerudiwa na nguvu zake.

"Sawa. Koti nimekubali. Lakini weka lesi hapa kifuani."

"Lesi hapana, shangazi."

"Lulu basi. Kidogo tu, kwa kola."

"Hapana."

"Kwani wewe unakubali nini?"

"Shela nitakubali. Refu, mpaka chini, kama unavyotaka."

Akainuka, akanipa mkono. Mkono mgumu wa mkulima. Mlangoni akageuka, akalitazama koti tena, akaondoka.

Siku ya harusi nilipanda Olenguruone mapema na koti limelala kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa. Nilimvisha bibi harusi katika nyumba ya jirani wa kanisa, mbele ya jiko la makaa. Nilipofunga kifungo cha mwisho alijitazama kwenye kioo, akaingiza mikono mifukoni. Nilikuwa nimemwekea mifuko, kwenye mishono ya pembeni, isionekane. Hakuijua. Akacheka kwa sauti.

"Bibi harusi na mifuko!"

"Utahitaji mahali pa kuweka leso," nikamwambia.

Wasimamizi wake walikuwa wamevaa shifoni ya rangi ya pichi, mabega nje. Walikuwa wamekataa shali nilizowapa. Tulipotoka nje upepo ulitoka msituni ukawakuta, na wote wakajikunyata pamoja kama vifaranga. Shela lile refu likapaa, likajizungusha kwenye nguzo ya lango la kanisa, likakataa kutoka. Tukahangaika nalo, mmoja anavuta huku, mwingine kule. Mwishowe shangazi mwenyewe akachomoa pini kichwani kwa bibi harusi, akaliacha shela palepale kwenye nguzo likipepea.

"Hii kitu imetosha," akasema. Akamshika mpwa wake mkono, wakaingia.

Nilisimama nyuma. Mnong'ono ulipita kutoka benchi hadi benchi, nikausikia ukienda mbele pamoja nao. Sikuogopa. Mapindo ya nyuma yalifunguka na kufunga kwa kila hatua kama nilivyoyakata yafanye, na shangazi aliyekuwa na mabishano yote yale alitembea taratibu, kidevu juu, kiganja chake kimelala juu ya ile sufu. Alikuwa anaipapasa. Sidhani alijua kwamba anaipapasa.

Mvua ya mawe ilitukuta wakati wa picha. Ilikuja ghafla kama inavyokuja kule, ikagonga mabati mpaka hakuna aliyesikia mwingine. Wageni walikimbilia kanisani. Msimamizi mmoja alionekana baadaye katika picha zote amevaa koti la mchungaji. Bibi harusi alisimamisha kola, akaingiza mkono mmoja mfukoni na mwingine kwenye mkono wa mumewe, wakabaki nje chini ya mti wa mwerezi, barafu imejaa nyasini pande zote, wanacheka. Mpiga picha aliyekuwa mtu wa kazi yake alibaki nao. Mama yangu, ambaye huhudhuria kila harusi ya pale, alipita nyuma ya bibi harusi walipoingia, akainua pindo la koti bila aibu, akatazama ndani.

"Bitana umeshona kwa mkono," akaniambia.

"Ndiyo."

"Vizuri," akasema, akaenda kutafuta pilau.

Ile picha ya barafu ilizunguka kwenye simu za watu kuliko nilivyowahi kuona kitu changu kikizunguka. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na oda kutoka Molo, Nyahururu, Limuru, mahali pote penye baridi. Si mabibi harusi tu. Mwalimu aliyetaka la kahawia, daktari, mama wa shamba la maua. Kisha akaja mwenye duka kubwa la nguo kutoka Nairobi, na gari safi, na maneno mazuri. Alitaka niuze mchoro. Koti litashonwa kwingine, kwa kitambaa cha kuagizwa, na lebo yake.

"Kitambaa kinatoka wapi, mteja hajali," akaniambia.

"Wangu wanajali."

"Utabaki mdogo hivi hivi."

"Labda," nikasema. "Lakini makoti yangu yatakuwa makoti yangu."

Aliondoka amekunja uso. Baada ya mvua za mwaka uliofuata alipiga simu mwenyewe, akaomba machache, ya sufu, na lebo yangu ibaki mahali pake kwenye kola. Nikamwambia asubiri zamu yake. Alisubiri. Mpaka leo huchukua machache kila msimu.

Kondoo wa Ndabibi hawakuuzwa. Yule bibi harusi, ambaye sasa ana mtoto anayetambaa, ndiye anayesimamia ukataji wa manyoya na kuyatafuta mengine kwa wafugaji wa jirani, na ndugu zake waliotaka kuuza sasa hubishana nani awachunge. Mama wa Njoro amewafundisha wengine wawili kufuma. Mimi nina mafundi wanne, wote wanawake, na tumehamia nyumba yenye ua mkubwa, mbali kidogo na majirani, kwa sababu ya harufu.

Sasa hivi mezani kwangu kuna kitambaa cha kijivu cha mkulima mmoja wa Molo. Ana mabega mapana sana, na alikuja akaniambia kwa aibu kwamba hajawahi kuvaa koti likafungika mbele. Nilimpima nikiwa nimesimama juu ya stuli. Nilimwambia ainue mikono, ainame, ajifanye anabeba gunia, na alifanya yote hayo katikati ya karakana bila kuuliza kwa nini. Kesho asubuhi, jua likifika dirishani, nitamkatia. Litafungika.